Siku Aber Alipofungua Kinywa

Lanyero alishuka kwenye basi pale Bwera saa sita kasoro robo, uso ameukunja na mkoba ameubana kwapani. Vumbi la njia nzima kutoka Kasese lilikuwa limemkalia kwenye nyusi, naye hakulipangusa. Maneno ya baba yake yalikuwa bado yanamgonga kichwani.

"Unaleta yeye hapa leo," Sajini Obwona alikuwa amesema asubuhi hiyo, huku anafunga vifungo vya sare yake ya polisi. "Kama saa tisa sijaona nyinyi wawili kwa mlango hii, nachukua gari nakuja mwenyewe. Na mimi nikikuja, sitakuja kusalimia mutu."

"Yeye" alikuwa Aber, mdogo wake Lanyero, msichana wa miaka kumi na tisa. Kwa miezi mitatu Aber alikuwa akiondoka kwao kwenye kambi ya polisi ya Kasese kila Jumamosi, eti anakwenda Bwera kujifunza kushona kwa rafiki yake Biira. Halafu konstebo mmoja aliyekuwa na kazi upande wa mpakani akarudi na habari nyingine kabisa. Hakuna cherehani wala uzi. Binti wa sajini anaonekana ndani ya stoo ya kahawa pamoja na vijana wa kila namna, wanapiga ngoma na gramafoni mchana kutwa, na mkubwa wao ni kijana wa milimani ambaye hakuna anayejua anakula nini.

Habari hizo zilimchoma Lanyero kuliko zilivyomchoma baba yake. Aber hakuwa kama wasichana wengine. Alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema, na tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita tu, alikuwa amenyamaza karibu kabisa. Shule aliiacha darasa la nne kwa sababu ya kuchekwa. Nyumbani alijibu kwa kichwa na kwa mikono. Lanyero, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kasese, ndiye aliyekuwa mdomo wake sokoni, hospitalini na kanisani. Leo nani huyo aliyemwita msichana asiyeweza hata kupiga kelele akishikwa mkono?

"Nikimkuta huyo mtu," alijiambia, "nitamwambia maneno ambayo hata mama yake hajawahi kumwambia."

Aliusikia mdundo kabla hajaiona stoo. Ulitoka nyuma ya maduka, mzito, wa taratibu, usiokatika. Juu yake kulikuwa na sauti za watu wengi wakijibu kitu kwa pamoja. Mlangoni alimkuta Biira, msichana mnene mwenye gauni la maua, ambaye alipomwona tu alishika kifua.

"Dada Lanyero! Karibu... Aber hakutuambia unakuja."

"Hakujua. Yuko wapi?"

"Yuko ndani. Lakini nakuomba, dada, usimwite sasa. Zamu yake imefika."

"Zamu ya nini?"

 Biira alisogea pembeni, na Lanyero akaingia.

Mwanga wa jua uliingia kwa matundu ya mabati, ukashuka kama nyuzi juu ya vichwa vya vijana wapata sitini. Aliwaona watoto wa wakulima wa Mahango, miguu bado ina udongo wa shambani. Aliwaona wavuvi wa Hamukungu, na wasichana waliovuka mto kutoka upande wa Kongo. Hata watoto wa kambi yake mwenyewe walikuwepo, wale wanaojua kutukanana na watoto wa mjini kila wanapokutana kisimani. Hapa walikuwa wamekaa bega kwa bega juu ya magunia. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa umepakwa masizi ukawa ubao mmoja mkubwa, umejaa maneno ya chaki.

Mvulana mmoja mvuvi alikuwa amesimama katikati, anasema kwa kufuata mdundo:

"Maji ya ziwa ni matamu, lakini yana wenyewe,
Chemsha kwanza, rafiki yangu, tumbo lisikuonee!"

"Chemsha kwanza!" stoo nzima ikajibu, na msichana mwenye chaki akaliandika neno ukutani, herufi kwa herufi, huku wale wasiojua kusoma wanalifuata kwa kidole hewani. Hawakuwa wanaimba. Walikuwa wanasema, lakini kusema kwao kulikuwa na miguu, kulikuwa kunatembea.

Ndipo macho ya Lanyero yakafika kwenye meza iliyobeba gramafoni, na kwa kijana aliyesimama nyuma yake.

Alimjua yule kijana. Alikuwa amefika shuleni kwake mara tatu kuomba vipande vya chaki, vile vilivyobaki vifupi ambavyo mwalimu huvitupa. Mara ya kwanza Lanyero alimpa kwa kumcheka. Mara ya pili alimpa boksi zima. Mara ya tatu kijana hakuwa na haja ya chaki. Mfuko wake ulikuwa bado umejaa, na wote wawili walijua. Walisimama pale mlangoni mwa darasa wakizungumza habari za mvua mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo mwalimu Lanyero alikuwa akitazama dirishani zaidi kuliko kawaida. Kijana alikuwa amemwambia jina lake: Kosiya Baluku. Chaki ni za nini, hakusema.

Sasa alimwona akiwa kazini. Juu ya gramafoni ilikuwa inazunguka santuri ya Kikongo, imefika pale ambapo mwimbaji ananyamaza na magitaa na ngoma vinabaki peke yao. Sehemu hiyo ilikuwa fupi. Lakini kabla haijaisha, Kosiya aliinua mkono wa sindano kwa vidole viwili, polepole, akaurudisha nyuma mahali palepale ilipoanzia. Wapiga ngoma wawili waliziba ule mwanya mdogo, na mdundo ukaendelea kama vile haukuwahi kukatika. Aliurudisha tena. Na tena. Kipande cha wimbo kisichozidi dakika moja kilikuwa kimegeuzwa barabara isiyo na mwisho, na kila kijana mle ndani alikuwa na ruhusa ya kupita juu yake.

Lanyero alisahau hasira yake kwa muda. Kisha umati ukafunguka, na Aber akatoka katikati.

"Hapana," Lanyero alinong'ona. "Hapana, watamcheka."

Akapiga hatua mbili mbele. Kosiya akainua macho, akamwona. Kwa pumzi moja hivi macho yao yalishikana. Kosiya hakushangaa wala hakutabasamu. Aliinua mkono wake uliokuwa mtupu, kiganja wazi, kama mtu anayemwomba mwenzake amshikie kitu cha thamani kwa dakika moja. Lanyero alisimama.

Aber alifumba macho. Kichwa kilikwenda na ngoma mara nne. Kisha akafungua kinywa.

"Jina langu Aber, kwetu maana yake mzuri,
Miaka kumi na mitatu nilikaa kama kaburi.
Neno likija mdomoni linakuta kufuli,
Linarudi tumboni, linalala kwenye kivuli.
Leo kufuli limefunguka, neno limetoka mbio,
Limevuka hata mto, linatafuta sikio!"

"Sikio tunalo!" vijana sitini wakajibu, wakainua mikono.

Hakukwama hata mara moja. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya kike, imekomaa, na Lanyero hakuijua. Alikuwa amelala kitanda kimoja na Aber tangu utotoni, amemsuka nywele, amemfuta machozi, na hakuijua sauti ya mdogo wake. Alishika gunia la kahawa lililokuwa karibu, na machozi yakamtoka pasipo kuomba ruhusa.

Aber aliendelea. Alisema habari za kambi, za kisima, za wasichana wanaochekwa. Alisema utani juu ya konstebo mwenye tumbo kubwa, na watu wakaanguka kwa kicheko, na kicheko hicho kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekitengeneza. Alipofungua macho akamwona dada yake amesimama, alikimbia, wakakumbatiana katikati ya kelele zile.

"A-a-ame... amekut-tuma baba?" Aber aliuliza sikioni mwake. Kigugumizi kilikuwa kimerudi, kama kawaida.

"Amenituma," Lanyero alisema. Alitoka nje kutafuta hewa.

*

Nyuma ya stoo kulikuwa na sufuria kubwa ya uji juu ya moto, na mama mmoja mwembamba anaukoroga. Kosiya alimfuata Lanyero hadi hapo, mikono yake bado ina vumbi la chaki.

"Mwalimu."

"Usiniite mwalimu!" Lanyero aligeuka, akijifuta uso kwa kiganja. "Kwa nini hukuniambia? Umekuja kwangu mara tatu. Ulijua mimi ni dada yake?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Aber alinikataza. Aliandika kwenye karatasi: dada akijua ataogopa, na mimi nikiona anaogopa, nitaogopa." Kosiya alishusha sauti. "Mutu akikupa siri yake kwa karatasi kwa sababu hawezi kuitamka, utaitoa vipi?"

Lanyero alitazama mlango wa stoo.

"Umemfanya nini?" aliuliza mwishowe, na lilikuwa swali la mtu aliyeona jambo lisilo la kawaida. "Mimi nimejaribu kila kitu. Nimemsomesha polepole, nimemwombea, nimempeleka kwa daktari. Umemfanya nini, bwana Kosiya?"

"Sijamfanya kitu. Kaa, nikuambie."

Walikaa juu ya gogo. Kosiya alimweleza kwamba kabla ya hapa alikuwa kibarua wa reli, kugonga mataruma upande wa Kasese. Kwenye kundi lao alikuwepo mzee mmoja, Badiru, mwenye kigugumizi cha kutisha. Kuomba maji tu ilikuwa kazi ya dakika nzima. Lakini nyundo zikianza kushuka pamoja, Badiru ndiye aliyekuwa anaongoza. Alihesabu, akatania, akasema majina ya mababu zake mpaka babu wa sita, na hakukwama.

"Nilimwuliza, mzee, inakuwaje? Akaniambia, nyundo inanishika mkono, inanivusha." Kosiya alitazama mikono yake. "Nilikaa na hiyo kitu moyoni. Siku ya kwanza Aber alikuja hapa na Biira, alikaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Lakini mguu wake ulikuwa unakwenda na ngoma. Nikasema kichwani, huyu nyundo inaweza kumvusha."

"Na hawa wengine?"

"Hawa kila mutu ana mto wake wa kuvuka. Yule mvuvi hakujua kusoma. Sasa anasoma. Wale wawili waliokaa mbele, mmoja wa mlimani, mmoja wa kambini, walivunjana meno mwaka jana. Sasa wanatunga pamoja. Mmoja anaanza, mwenzake anamaliza. Tunatumia Kiswahili kwa sababu hapa si lugha ya mama ya mutu yeyote. Hakuna wa kumcheka mwenzake."

Lanyero alimtazama. Alikuwa na kovu dogo chini ya jicho, na kope ndefu kama za mtoto. Alijua kwamba anapaswa kuwa anatafuta basi la kurudi; la saa saba lilikuwa limekwisha pita huku yeye amekaa juu ya gogo.

"Mara ya tatu," alisema, bila kumtazama tena, "hukuwa na haja ya chaki."

"Sikuwa nayo."

"Ulikuja kwa nini?"

Kosiya, aliyekuwa anawafundisha wengine kusema, alijipangusa kwanza vumbi la chaki mikononi. "Nilikuja kukuona unavyocheka," alisema. "Nilikuwa nimeisahau sura yako kidogo, nikaona hiyo si haki."

Mama aliyekuwa kwenye uji aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria, kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Kosiya. Gramafoni imenyamaza ndani." Alingoja mpaka mwanawe ameinuka na kwenda, kisha akamgeukia Lanyero. Aliitwa Edisa, naye hakuwa mtu wa kuzunguka. "Binti, mimi sina ubaya na wewe. Mdogo wako nampenda, ninampikia uji. Lakini wewe nimekuona unavyomtazama mwanangu, na yeye anavyokutazama. Acha."

"Mama, hatujasema kitu..."

"Ndiyo maana nasema mimi. Watu wa kambi mnahamishwa. Leo Kasese, kesho karatasi imekuja, mmepakia vitanda kwenye lori mmekwenda Moroto, mwisho wa nchi. Mwanangu atabaki anatazama barabara. Huyo ndiye mtoto niliyebaki naye. Nimekwisha ona watu wakitazama barabara."

Lanyero aliona kwamba mama huyo amesema kweli. Alichukua upawa, akaanza kumsaidia kupakua uji kwenye vikombe. Edisa alimwangalia kwa pembe ya jicho, hakumzuia.

*

Saa kumi na nusu, Lanyero akiwa ndani anagawa vikombe vya uji, landrova ilisimama mbele ya stoo. Ngoma zilikatika zenyewe.

Sajini Obwona aliingia na sare, kofia na fimbo yake ya kazi chini ya kwapa. Alikuwa mtu mrefu, na mlango ule ulimfanya ainame kidogo, jambo lililomzidishia hasira. Vijana walirudi nyuma mpaka ukutani. Wawili walikuwa tayari wanatafuta dirisha.

"Zima hiyo kitu!"

"Imezimwa, afande," Kosiya alisema.

"Nani iko mukubwa hapa?"

"Ni mimi, afande."

Sajini alimtazama kuanzia viatu vya matairi mpaka nywele, akawageukia binti zake. "Aber. Panda gari. Lanyero, na wewe. Nilikutuma kuleta mutu, nakuta umegeuka mupishi ya uji!"

"Baba," Lanyero alisema, akaweka vikombe chini, "naomba umsikilize Aber kwanza. Dakika moja."

"Kumsikiliza nini? Aber anasema?"

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Lakini Aber alilipokea kama kofi. Alisogea mbele ya baba yake, akajaribu.

"B-b-b... ba-b..."

Shingo yake ilikaza, midomo ikawa inapigana na lile neno moja dogo. Sajini aliangalia pembeni, kama alivyozoea kufanya kwa miaka yote, na akainua mkono kuonyesha mlango.

Gramafoni ilikuwa imekatazwa. Wapiga ngoma walikuwa wameganda. Lanyero alimtazama Kosiya, akaona anamtazama yeye, na hapo mwalimu Lanyero, ambaye hata kanisani alipiga makofi kwa adabu, aliinua mguu akaushusha sakafuni. Mara moja. Mara mbili. Alipiga ubavu wa gunia kwa kiganja katikati ya hatua. Ulikuwa mdundo mbovu, wa mtu asiyejua. Kosiya akaupokea kwa mguu wake, akaunyoosha. Biira akaingia. Kisha yule mvuvi, na wale wawili waliovunjana meno, na wote, miguu sitini na zaidi ikashuka kwa pamoja mpaka vumbi la kahawa likapanda. Sajini Obwona aligeuka huku na huku, fimbo mkononi, asijue amwamuru nani.

Na juu ya miguu ile Aber akasema.

"Baba, mimi ni yule mtoto wa miaka sita,
Mama alianguka jikoni, akanituma kukuita.
Nilikimbia hadi ofisini, nikasimama mlangoni,
Neno la kusema 'mama' likanasa hapa kooni.
Ukasema, 'Sema upesi, mtoto, mimi nina kazi,'
Nikarudi bila neno, nikarudi na machozi.
Nilimkuta chini, baba, macho yake mlangoni,
Alikuwa anakungoja. Nilisimama pale jikoni..."

Vina vilimwishia hapo. Hakuvitafuta. Mdundo ulimbeba hivyohivyo.

"Alikuwa ananiuliza kwa macho, baba yako yuko wapi. Na mimi nilikuwa na jibu, na halikutoka. Miaka kumi na mitatu, baba, nalisema kila siku ndani. Mimi ndiye niliyemwua mama. Kwa sababu sikuweza kusema."

Miguu ilinyamaza mmoja baada ya mwingine.

Lanyero alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Hilo hakulijua. Katika nyumba yao ile ya vyumba viwili, hilo halikuwahi kutajwa na mtu.

Sajini Obwona alivua kofia. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gunia, goti lake likagonga kikombe cha uji kikamwagika, hakukiona. Aliposema, sauti yake haikuwa ya kambini.

"Nakumbuka siku ile," alisema. "Ulisimama kwa mlango. Nilikuona unapigana na neno. Niliona, mtoto wangu. Na nilikuwa na karatasi tu mbele yangu, karatasi ya bure. Sikungoja." Alimgeukia Aber. "Haukuua mutu. Kama kuna mutu wa kulaumiwa, ni yule ambaye hakungoja."

Aber alipiga magoti mbele yake. Baba yake akaweka kiganja kizima juu ya kichwa chake, kwa woga, kama mtu anayeshika kitu kwa mara ya kwanza. Vijana walitazama pembeni. Wengine walitoka nje kwa vidole vya miguu. Edisa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wake, alijifuta macho kwa pindo la kitenge.

Baada ya kitambo Sajini alisimama, akarudisha kofia. "Wewe," alimwita Kosiya. "Jina?"

"Kosiya Baluku, afande."

"Wewe ulimufundisha kusema?"

"Alikuwa anajua, afande. Sisi tulinyamaza tu tukamsikiliza."

Sajini alikubali kwa kichwa. "Jumamosi ingine atakuja. Mimi mwenyewe nitamleta." Kisha macho yake, ambayo yalikuwa ya polisi kwa miaka ishirini na miwili, yakatoka kwa Kosiya yakaenda kwa Lanyero, yakarudi kwa Kosiya. Uso ukafunga tena. "Lakini huyu dada yake mukubwa iko na kazi ya shule. Yeye hana habari na hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Lanyero. Gari."

Lanyero alipita karibu na Kosiya kuelekea mlangoni. Hakukuwa na nafasi ya kusimama. Mkono wake uligusa mkono wa Kosiya, vidole vitatu, kwa muda wa kupepesa jicho.

"Sitaenda Moroto," alisema kwa sauti ya chini, na Kosiya hakujua maana yake, lakini Edisa aliyekuwa nyuma yake aliijua.

*

Walishika njia ya kurudi Kasese. Milima ilibaki upande wa kushoto, juu kabisa wingu limefunguka, na theluji ikaonekana, nyekundu kwa jua la jioni. Sajini alishika usukani kwa mikono miwili. Aber alikaa mbele, pembeni yake. Lanyero alikuwa nyuma, paji la uso kwenye kioo, anajaribu kulia bila sauti.

Walikuwa wanakaribia Kikorongo Aber alipogeuka kumtazama dada yake. Kisha akamgeukia baba.

"B-b-ba..."

Hapakuwa na ngoma. Hapakuwa na miguu ya kumvusha. Lanyero aliinua kichwa akitaka kumsaidia, kama kawaida yake, kummalizia neno. Lakini Aber alimwinulia mkono, kiganja wazi.

Sajini Obwona alipunguza mwendo. Aliitoa landrova barabarani, akaisimamisha kwenye majani, akazima injini ili kelele yake isimsumbue. Akageuka kwenye kiti, akamtazama binti yake usoni.

"Sema," alisema. "Niko hapa."

"B-baba. K-k-k... Kos..." Aber alifumba macho, akayafungua. Kundi la swala lililokuwa linakula karibu na barabara liliinua vichwa. "K-Kosiya a-anam... anamp... anamp-penda da-dada. Na da-da-da..."

Jasho lilimtoka. Dakika ilipita. Gari moja lilipita kuelekea Katwe, vumbi likawafunika, likatua. Baba yake hakupepesa jicho. Hakusogeza hata kidole.

"Na d-dada a-ana... anamp-penda. N-na yeye ha-hawezi ku-ku-kuk-kuambia. K-kwa sa-sababu a-anak... anakuog-gopa. K-kama mimi."

Alimaliza. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kilima na mzigo.

Kwa miaka yote Lanyero ndiye aliyekuwa mdomo wa Aber. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja Aber angekuwa mdomo wake.

Sajini alitazama mbele, mahali barabara inapopotea kwenye nyasi. Alikaa hivyo mpaka wale swala wakarudi kula.

"Mama yenu," alisema polepole, kwa Kiacholi sasa, lugha yao ya nyumbani, "baba yake alinikataa mara mbili. Alisema polisi ni watu wa kuhamahama." Akavuta pumzi, akawasha injini. "Lanyero."

"Naam, baba."

"Mwambie aje na wazee wake. Aje mchana, siku nisiyokuwa zamuni. Na asije na maneno mafupi. Nataka kumsikia mpaka mwisho."